Disketi ya Majina ya Migomba

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyobonyeza "ndiyo" pasipo kumngoja aliyeniambia ningoje. Ilikuwa Nyakakika, huku Karagwe, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Nilikuwa msichana, mpiga chapa wa kituo cha kufundishia wakulima, na kompyuta tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, mikononi mwangu. Usinicheke. Wewe unayo moja mfukoni na nyingine mezani. Ile yangu niliifunika kwa kitambaa cha kufuma kila nilipoondoka, na kabla ya kuiwasha nilitazama kwanza mbingu, maana tulitegemea sola, na siku ya mawingu ilikuwa siku ya kufagia ofisi.

Mwaka ule nilipewa kazi niliyoipenda kuliko zote. Kila Alhamisi Mzee Kaijage, katekista mstaafu, alikuja na fimbo yake, kwa kuwa macho yalikuwa yanamwacha, akaketi karibu nami na kunitajia majina ya migomba ya Karagwe. Hayakuwa majina matupu. Nshakara hupenda udongo gani, nyoya hupikwaje, ndizi zipi hukamuliwa pombe, zipi hupelekwa kwa mwanamke aliyejifungua, mgomba upi mama yake alikuja nao kutoka Bugomora siku alipoolewa. Wenzake waliokuwa wakiyajua hayo yote walikwisha kufa. "Andika kabla sijasahau," alikuwa akisema, nami naandika. Utepe wa printa ulikuwa umekauka tangu Pasaka, kwa hiyo hakuna kilichokuwa kwenye karatasi. Maneno yake yalikaa ndani ya kompyuta, na nakala yake kwenye disketi moja niliyoiandika KAIJAGE kwa kalamu nyekundu.

Basi akaja Amosi, fundi kijana kutoka Dar es Salaam, kutengeneza betri za sola. Aliona jinsi kompyuta yangu inavyogandaganda kwa virusi vilivyoletwa na disketi za watu, akaniambia upo mfumo mwingine wa kuiendeshea, unaitwa Linux, unatolewa bure, na virusi vile hauvijui. Aliniachia CD na kijitabu. Akaniomba nisiguse kitu mpaka arudi baada ya wiki mbili, tuuweke pamoja. Alisema hivyo, sitamsingizia.

Ningengoja wapi? Nilikuwa nimesoma kozi fupi Bukoba, nikajiona nimemaliza elimu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, nami kidonda hicho nilikitafuta mwenyewe. Tena nilitaka Amosi akirudi anikute nimeshaweza. Alikuwa na meno mazuri, lakini hayo tuyaache.

Kijitabu kilisema kompyuta ya zamani kama yangu haiwezi kuanza kwa CD peke yake, inahitaji disketi ya kuiamshia. Nikapekua droo. Disketi zote zilikuwa zimeota ukungu, nzima ilikuwa ile ya wino mwekundu. Nikajiambia, maneno ya mzee si bado yamo ndani ya kompyuta? Nikaifuta, nikaifanya ya kuamshia.

Jua lilikuwa kali asubuhi ile, betri zimejaa. Baada ya muda mashine ikaniuliza kwa Kiingereza kama itumie diski yote na kufuta kilichomo. Nilisoma, na kila neno nililielewa. Nilichokuwa nikikiona akilini ni ule mfumo wa zamani niliouchoka, nikafurahi kuwa unaondoka. Haikunijia kabisa kwamba maneno ya mzee yalikuwa yakiishi nao nyumba moja. Nikabonyeza ndiyo.

Mchana kompyuta ikawaka kwa sura mpya, nami nikacheka peke yangu kwa furaha. Kisha nikataka kuandaa kazi ya Alhamisi. Nikatafuta. Nikatafuta tena. Nikaichomoa disketi, nikasoma juu yake jina KAIJAGE kwa mwandiko wangu mwenyewe, na ndani yake halikuwamo neno lake hata moja. Maji yakimwagika hayazoleki. Nililia kama mtu aliyefiwa.

Nilimfuata nyumbani kwake siku ileile. Mkewe alinipa kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote, nami nikashindwa hata kuitia mdomoni. Nikamwamkia mzee shikamoo, nikamweleza yote bila kuficha. Mzee akanyanyuka, akachukua panga, akaniambia nimfuate kibanjani, shambani kwake nyuma ya nyumba. Alikwenda akiipapasa migomba kwa mkono mpaka akaufikia mmoja wenye mkungu mchanga, na chini yake chipukizi la kimo cha goti. Akanikabidhi panga.

"Kata huu mkubwa."

"Tata," nikamwambia kama ninavyomwita baba, "mkungu haujakomaa. Na mtoto wake bado mdogo."

"Nani amekufundisha hayo?"

"Kila mtu anajua, Tata."

"Basi kwa nini ofisini hukujua?" Akalichukua panga lake. "Mama, binti na mjukuu hukaa shina moja, mwana wange. Mama tunamkata akishazaa, na binti ameshasimama. Kibanja hiki kilikuwa cha babu yangu, na hakijaanza upya hata siku moja. Hicho kipya chako sikichukii. Ungekiacha kiote pembeni."

Niliona aibu ambayo mpaka leo naihisi nikisimulia.

Amosi aliporudi hakunigombeza, jambo lililoniumiza zaidi. Aliurudisha ule wa zamani, akanionyesha namna ya kuiweka mifumo miwili katika diski moja, kila mmoja na sehemu yake, ukiwasha unachagua. Barua za wilayani nikaziandika kwa ule wa zamani, maana huko ndio waliokuwa wakiusoma, na Linux nikajifunza polepole, leo hili kesho lile. Printa ilinisumbua miezi. Lakini siku ilifika nikagundua kwamba ule wa zamani sijaufungua tangu mavuno ya kahawa, nao nikauondoa bila machozi.

Mzee Kaijage alianza upya kunitajia. Alhamisi nyingine alikuja na majina matano, nyingine moja. Mengine yalimkataa. "Lipo hapa," alisema akigusa koo, "halitoki." Siku moja aliniletea chipukizi la mgomba aliokwisha kunieleza habari zake zote mara ya kwanza, jina lake na nani aliuleta. Sasa hakukumbuka lolote ila kwamba aliwahi kunieleza, na mimi niliyaandika tu, sikuyashika kichwani. Akaniambia niupande tu. Alifariki kabla ya masika.

Mwanangu, mgomba ule ndio huo wa kona, ambao wewe unakula ndizi zake. Nimeuliza Songambele, nimeuliza Bugomora, nimewauliza wazee waliotoka Rwanda na Burundi. Kila mtu anausifu, hakuna anayelijua jina lake. Jina lake niliwahi kuliandika kwa vidole vyangu hivi, nikalifuta kwa vidole hivihivi. Majuto ni mjukuu, na mimi huyu mjukuu ninaishi naye.

Kwa hiyo ukiniambia unataka kubadilisha kompyuta yako, au kazi, au namna ya kulima, mimi sikuzuii. Badilisha. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujabonyeza, uliza ni nani mwingine anayeishi ndani ya hicho unachokifuta. Kipya ukipande kando ya cha zamani, kikuonyeshe mkungu kwanza, ndipo ushike panga. Na ukiambiwa ngoja wiki mbili, ngoja.

Mungu akujalie mapya mengi, mwanangu, na macho ya kuyajifunza. Akupe kibanja kisichoanza upya. Na siku utakapompata mtu anayekumbuka jina la mgomba wangu, kama sipo, njoo ulitamke pale kwenye kona, kwa sauti.