Maua Mlangoni kwa Felismina

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliosema hivyo hawakuwahi kumpangisha chumba Joost Hoekstra.

Felismina Abrunhosa alishona viatu kiwandani miaka thelathini na minne, akalea watoto wawili walioishia Ufaransa, akamzika mumewe Adelino. Tangu hapo hakuvaa ila nyeusi. Na pale mjini kwake, Guimarães, Jumapili ya Pasaka, msalaba hutembezwa nyumba kwa nyumba, kengele ikitangulia. Mlango uliomwagiwa maua unasema karibuni. Mlango mtupu unasema tuacheni. Pasaka mbili mlango wa Felismina ulikuwa mtupu.

Mwaka huu alisema basi, imetosha. Kutwa kulia na kuta, hata Adelino mwenyewe angemcheka! Asubuhi akamwaga petali nyekundu na majani ya shamari kuanzia kizingitini hadi katikati ya njia, akaweka keki mezani, akapanda juu kuvaa blauzi ya buluu.

Joost, mwalimu mstaafu kutoka Uholanzi, alikuwa amerudi kutoka ngomeni kupiga picha. Mtu mwema, lakini kiherehere! Kwa siku nne alizokaa alikwisha kuosha vyombo visivyo vyake na kupaka mafuta bawaba zote. Alipoona taka zile mlangoni, unadhani alifanya nini? Akatwaa fagio.

Felismina alikuwa bado anahangaika na vifungo aliposikia kengele. Kengele ikasogea, ikasogea, ikapita, ikaingia kwa jirani yake Zulmira. Alishuka ngazi kifua nusu wazi. Jiwe la mlangoni lilikuwa safi, ungeweza kulia chakula juu yake.

"Nani kafagia hapa?"

"Mimi, Dona Felismina!" Joost akachekelea. "Upepo ulileta majani."

"Upepo? Upepo, baba wee? Ni mimi! Nimeyachuma kwa mikono yangu ili msalaba uingie! Sasa umenipita, watu watasema bado niko matangani!" Akaketi kwenye ngazi akalia kwa uchungu, bila haya.

Joost alikuwa mwekundu, sasa akawa mweupe. Akalikimbilia pipa la taka, akalibeba mzimamzima, akalipindua mlangoni. Petali zikatoka, kweli, pamoja na maganda ya viazi, kaka za mayai na machicha ya kahawa.

Msafara ukatoka kwa Zulmira. Mbeba msalaba alikuwa Baltasar, waliyeshona naye viatu enzi hizo. Akasimama, akatazama chini.

"Felismina, haya ni maua au ni chakula cha nguruwe?"

"Ni maua, Baltasar. Hayo maganda ni ya mgeni wangu."

"Kosa langu, bwana," Joost akasema, bado kakumbatia pipa. "Nipige mimi."

Baltasar akajikuna shingo. "Shida ni kwamba nyumba yako tumeshaivuka. Msalaba haurudi nyuma. Tangu enzi za babu zetu haurudi."

"Hatua tano ndiyo kurudi nyuma?" Ilikuwa sauti ya Zulmira, mwanamke ambaye hakukubaliana na Felismina hata juu ya hali ya hewa. Akamsukuma Baltasar mgongoni kwa mikono miwili. "Nenda bwana! Ukiteleza kwenye ganda, kosa lako."

Baltasar akaingia, akiinua miguu kama jogoo kwenye tope. Felismina akapiga magoti, akaubusu msalaba, akalitaja jina la Adelino kwa sauti, na sauti haikukatika.

Walipokuwa wakikata keki, akamvuta Zulmira pembeni. "Wewe dirishani kutwa. Hukumwona huyu Mholanzi akifagia?"

"Nilimwona."

"Ukanyamaza! Ama kweli wewe ni nyoka."

Zulmira akajifuta pua kwa kiganja. "Nilidhani umemtuma. Nikajua moyo umekushinda tena. Msalaba umeingia kwangu, Baltasar ananiita nibusu, mimi nimekaa jikoni nakulilia, mjinga wewe."

Felismina alimtazama jirani yake wa miaka arobaini, akamkatia kipande kikubwa kuliko vyote.