Mume wa Mwisho wa Mwezi

Mume wangu ni askari jela. Alipokuwa Mbale, nami hapa Walukuba, mtaa wa Jinja, alikuja kila mwisho wa mwezi na ndizi za Busiu, akasifia hata ugali wangu mbichi. Niliringa kwa majirani: mume kama huyu mtampata wapi?

Kisha akahamishiwa Jinja. Sasa anakagua sufuria zangu kama vyumba vya wafungwa, nami namjibu kwa ukali ambao hakuwahi kuusikia.

Juzi, akipiga viatu rangi, alisema bila kuniangalia, “Afande ameniuliza kama nataka kurudi Mbale.”

“Ukamjibuje?”

“Nimesema kwanza nimuulize mama watoto.”

Nampenda, Mungu ni shahidi. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshaanza kukunja mashati yake.