Sponji ya Vyombo Ndani ya Kompyuta

Jamani, wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa dadangu, kwa sababu yeye akiisimulia anaigiza mpaka vile nilivyopiga magoti, na hadi leo nikipita mtaa wa Kaloleni, pale Voi, kuna watu wananiita "Fundi" halafu wanaangua kicheko, na mimi ni mwalimu wa jiografia.

Dadangu Wakesho alikuwa anaolewa, na wakwe, familia ya kina Mutua wa pale Voi, walikuwa wanapanda kwetu Mghange kujulishana na sisi. Mimi nilipewa kazi moja tu: kuonyesha picha za dada tangu utotoni, na mwisho video ya Baba. Baba yetu alikuwa ametutoka, lakini kabla hajazidiwa alinikalisha, akanipa simu, akaniambia nimrekodi akimpa Wakesho baraka za ndoa. Ile simu iliharibika. Video ilibaki kwenye kompyuta yangu peke yake, ile ya mezani iliyoko kwangu Voi.

Mtu mwenye akili angeiweka kwa flash akatulia. Wakesho mwenyewe aliniambia, "Si uiweke tu kwa flash?" Nikamwambia mambo ya kompyuta aniachie mimi. Shida ni kwamba kompyuta ilikuwa inajivuta, nikaona aibu wakwe wakae wakingoja picha zifunguke, basi nikanunua diski mpya, zile ndogo zenye kasi, nikahamishia kila kitu humo, na ya zamani nikaifuta nikampa jirani (ndiyo, niliifuta, endeleeni kucheka). Wakati wa kuifunga nikagundua ni ndogo kuliko nafasi yake, inachezacheza. Kuna kibati maalum cha kuishikilia, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye. Mimi niliingia jikoni, nikachukua sponji ya kuoshea vyombo, nikaikata, nikaishindilia hapo kando ya diski. Ikashika!

Kompyuta ikawaka haraka hadi nikajipongeza kwenye grupu la familia. Jioni ikaanza kuganda. Kishale hakisogei, picha haifunguki, unabonyeza kitu hakuna. Nikalaumu virusi, nikafuta programu hizi na zile, nikaizima nikaiwasha, wapi. Mwishowe nikaielekezea feni, ikatulia, nami nikafikia uamuzi kama msomi: tatizo ni joto la Voi, na kwa vile Mghange ni baridi, litaisha lenyewe mlimani.

Basi nikaipakata kwenye gari la binamu, nimeifunika blanketi kama mtoto mchanga, tukapanda zile kona zote tukirushwa.

Sherehe ikanoga. Shuka jeupe likatundikwa ukutani, projekta ya kanisa ikawaka, picha zikaanza kupita na muziki chini yake, watu wanapiga makofi, nami nimesimama kando na suti kama niliyeivumbua kompyuta mwenyewe. Kisha ikaja picha ya Mama Mutua, mama wa bwana harusi, kwenye pikiniki aliyokwenda na dada, macho nusu yamefumba, paja la kuku mdomoni. Na hapo hapo ikaganda. Muziki nao ukakwama kwenye neno moja: "we-we-we-we-we!"

Mama Mutua akabaki ukutani, mkubwa kuliko mlango.

"Basi tuendelee kumwangalia mama yetu akila," akasema Mjomba Mwadime, aliyekuwa anaendesha sherehe.

Nilitamani kuyeyuka. Lakini Mama Mutua alisimama, akajifunga leso kiunoni, akasema, "Kumbe hata nikila ninapendeza!" na akaanza kucheza na ile we-we-we, mabega yakienda, akina mama wa pande zote wakamfuata, na wimbo mbovu ukawa ndio wimbo.

Mimi nikachomoa waya wa umeme. Nilipowasha tena, skrini ikawa nyeusi, na maandishi madogo yakisema diski haionekani. Wakesho akanijia, akaninong'oneza, "Mwakio, na Baba je?" Hakuwa anacheka tena.

Nikaomba bisibisi, nikaifungua kompyuta pale pale katikati ya wakwe. Sponji ya kijani ikachomoza kwanza.

"Mwakio!" Mama akaruka kitini. "Si hiyo ni ile sponji niliyoitafuta jikoni nilipokuja kwako? Na vile nimemsingizia jirani yako!"

Watu waliumia mbavu. Ndani, diski ilikuwa inaning'inia, waya wake umetoka nusu, maana sponji ilikuwa ikiusukuma muda wote, na zile kona zikamalizia kazi. Nikaurudisha. Ikawaka! Nikaiachia, ikazima. Nikaelewa kwamba njia ni moja: nikapiga magoti chini ya meza na suti yangu, nikashika diski kwa mkono huu na waya kwa mkono huu, nikamwambia Wakesho abonyeze.

Kwa hiyo video ya Baba sikuiona. Niliisikia tu, nikiwa natazama viatu vya watu.

"Umebonyeza?" sauti ya Baba ikajaa nyumba nzima. "Una hakika? Huyu kijana wangu namjua, atasema anarekodi kumbe bado."

Nyumba ililipuka. Hata mimi nilicheka huko chini mpaka nikakaribia kuachia waya. Kisha akasema, "Wakesho, ukifika kwako usiache kucheka kwa sauti. Wakikuambia unyamaze, waambie mimi ndiye niliyekuruhusu." Nikaona viatu vya Mama Mutua vikisogea kwa vya Mama, vikakaa karibu karibu mpaka video ikaisha.

Tangu siku hiyo video iko kwa flash, kwa simu ya kila mtu, na hata kwa Mama Mutua. Na kompyuta ikiganda, naibeba moja kwa moja kwa fundi mjini, nakaa kwenye benchi kwa adabu, na akiuliza nani aliifungua mara ya mwisho, najifanya napokea simu.