Maji ya Kutawadha Mwezi wa Saba

Hapa Newala, mwezi wa saba, ukungu hupanda kutoka mabondeni na hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Watumishi wanaohamishiwa huku hushangaa. Wamesikia kusini ni joto na korosho, kisha wanafika juu huku na kuanza kutafuta makoti ya mtumba sokoni. Sisi tuliozaliwa hapa hatushangai, na pengine hilo ndilo kosa letu. Baridi tumeizoea tangu utoto kama mtu anavyozoea jirani mkorofi.

Kaka yangu alinizidi miaka tisa. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyeshika jembe ili mimi nipelekwe chuoni kusoma dini. Yeye hakusoma. Elimu yake yote aliipata kwangu, akiwa ameketi nyuma ya wanafunzi wangu msikitini, mtu mzima mwenye mvi nyuma ya watoto. Nikiuliza swali, alinyoosha kidole kama wao.

Kila kipupwe nilikuwa na somo moja nililolipenda. Niliwaambia watoto kwamba anayetimiza udhu wake wakati maji yanauma, dhambi zake hudondoka pamoja na matone. Somo hilo ni la kweli, nami nililitoa kwa sauti nzuri, kwa sababu lilinisaidia kuwatoa watoto kitandani. Lakini lina nusu yake ya pili: dini haikuja kumtesa mtu, na mwenye uwezo wa kupasha maji apashe. Nusu hiyo nilikuwa nikiiacha. Niliona watoto wakiisikia wataifanya kisingizio cha kulala.

Kaka aliichukua ile nusu ya kwanza, akaingia nayo uzeeni.

Maji yetu ni ya mvua. Tunayahifadhi katika visima vya saruji chini ya ardhi, na msimu huu yanatoka humo kama yalikuwa kwenye jokofu. Mke wa kaka alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, watoto wake wako Masasi na Dar es Salaam, na yeye aliishi peke yake, nyumba ya pili kutoka kwangu. Kipupwe cha mwaka jana mke wangu aliona vidole vya kaka vimevimba, akampelekea chupa ya chai iliyojaa maji ya moto.

"Shemeji, nimekuletea ya kutawadhia."

"Weka hapo, shemeji. Maji ya moto yana kazi mbili tu, chai na maiti. Chai nitakunywa sasa hivi. Hiyo kazi ya pili nisubirini."

"Ukiendelea hivi hutatusubirisha sana."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwepo, na mimi ndiye mwalimu. Ningeweza kusema neno. Nilicheka pamoja nao, na moyoni nikajisifu kwamba katika maisha yangu nimepata mwanafunzi mmoja aliyeelewa.

Haikupita wiki. Alfajiri moja nilimpitia kama kawaida twende kuswali. Nilimkuta uani, ameketi kwenye kigoda karibu na birika, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, na kanzu imelowa kifuani. Nikatoa salamu. Midomo yake ilicheza kidogo, sauti haikutoka. Mimi nilikuwa natetemeka ndani ya koti, na yeye hakutetemeka hata kidogo. Alikuwa ametulia kama mtu aliyezama katika dhikri. Niliamini kweli yumo katika dhikri. Nikaondoka kwa kunyata ili nisimkatize.

Niliporudi kutoka msikitini alikuwa palepale. Akaniuliza, kwa ulimi mzito, kama baba ameshatoka shamba.

Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji. Muuguzi aliyetupokea alikuwa binti kutoka Njombe, ambako baridi inaheshimiwa.

"Shikamoo babu. Nani anamwangalia huyu mzee?"

"Marahaba. Mimi, mdogo wake."

"Asubuhi ulimwona akitetemeka?"

"Hapana. Alikuwa ametulia."

"Babu, mzee akitetemeka, mwili wake bado unapigana. Baridi ipo na ameacha kutetemeka, hapo ndipo pa kukimbia. Hakuwa ametulia. Alikuwa ameshindwa."

Walimvua nguo zilizolowa, wakamfunika mablanketi, wakamvika kofia ya sufu, na alipoweza kumeza wakampa chai yenye sukari kidogo kidogo. Binti yule alinionya pia nisije nikamwingizia jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango, kama wengi wanavyofanya, kwa sababu hewa ya mkaa huua mtu akiwa usingizini. Niliitikia kila neno. Nilikuwa najiona mtoto wa madrasa aliyeshikwa hajui somo.

Siku nne baadaye alirudi nyumbani. Alasiri alikuja akaketi mahali pake nyuma ya watoto, na ile kofia kichwani. Nikasimama nikasema kwamba kwa miaka mingi nimefundisha nusu ya somo. Nikaitoa nusu ya pili yote: kwamba kupasha maji si udhaifu wa imani, na kwamba mgonjwa anayedhurika na maji ameruhusiwa kutayamamu kwa udongo safi. Kaka akanyoosha kidole.

"Mwalimu, nusu hiyo ulikuwa umeiweka wapi?"

Watoto wakacheka.

"Niliificha, kaka." Sikuwahi kumwita kaka mbele ya wanafunzi.

"Kwa hiyo miaka yote nimegandishwa ili hawa waamke?"

"Ndiyo."

Alifikiri kidogo. "Basi kesho shemeji alete chupa yake."

Alfajiri iliyofuata nilimmiminia mwenyewe. Aliikinga mikono chini ya maji ya vuguvugu, akaichezesha, akaigeuza, hakutaka kuiondoa. Tulipokwisha kuswali akaniambia kwa sauti ndogo, "Leo nimetawadha polepole. Siku zote nilikuwa nakimbia. Nilitaka tu yaishe." Nilijua nimesamehewa, na bado maneno hayo yananiuma mpaka leo.

Alitumia maji hayo siku kumi na moja. Lakini kikohozi cha ile baridi kilikuwa kimeshashuka kifuani. Tukamteremsha mpaka hospitali ya misheni kule Ndanda, wakampokea vizuri na kumhangaikia, lakini nimonia ilikuwa imetutangulia. Alifariki mchana, jua la bondeni likiingia dirishani mpaka juu ya shuka lake. Namshukuru Mungu kwamba hakufia katika ukungu.

Nilimwosha mimi. Mke wangu alipasha maji. Nje ya pazia mtani wetu, mzee wa Kiyao, alipaza sauti: "Mmakonde mbishi huyu! Kapata maji ya moto kwa sababu hawezi tena kuyakataa!" Watu wakacheka, kama ilivyo desturi msibani, nami nikacheka huku machozi yakinitoka.

Nikamjibu nikiwa ndani, "Aliyakubali, mtani. Niliyechelewa ni mimi."

Akaacha utani, akaniombea dua. Mtani kuacha utani msibani si jambo la kawaida.

Sasa nyuma ya msikiti kuna pipa la maji juu ya mafiga matatu, na kuni ni matawi ya mikorosho yanayokatwa wakati wa kupogolea. Mwezi wa saba naamka kabla ya mwadhini ili niwashe moto chini yake. Maji yakishika moto, nachukua kurunzi na kuwapitia wazee wanaoishi peke yao. Nikimkuta mtu ametulia, sinyati tena. Narudia salamu mpaka nijibiwe.