Doa Nililolisugua Maabara

Natamani sana zile jioni za masomo ya ngumbaru kule Awendo. Kabla mwalimu hajaingia, mimi ndiye niliyesugua vioo vya taa kwa gazeti, vikang'aa hadi mbu wakajitazama humo.

Basi juzi, kwenye maabara ninayofagia hapa Homa Bay, nikaona kipande cha kioo chenye doa la selotepu, na wageni wako mlangoni. Nikakipumulia, nikakisugua kwa mapenzi ya zamani.

Atieno, mwanafunzi wa fizikia anayetafuta shahada, akawaeleza wageni: "Utando wangu, nilioubandua kwa selotepu na kuuweka kwenye kioo, una unene wa atomu chache tu. Mwanga ukiupiga, elektroni huruka na kuacha tundu, kisha hushikana nalo. Vikirudiana, utando hung'aa."

Akachungulia hadubini, akakisogeza kioo huku na kule.

"Omera, ndugu yangu," akaniuliza, "umeona kidoa hapa? Nimekihangaikia miezi!"

"Usijali, dada," nikajibu kwa fahari mbele ya wageni wote. "Nimekitoa chote."