Kome Wadogo wa Tabaka la Juu

Mwanangu, siku niliyouogopa udongo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mama yako asisikie hayo. Nilikuwa kijana, kibarua wa watu waliokuja kuchimba kilima kidogo kando ya ziwa, upande wa Kosele. Walitafuta mabaki ya watu wa kale ambao hawakulima wala kufuga. Waliwinda, wakavua, wakaokota kome ufuoni.

Chini ya nyasi kulikuwa na udongo mkavu, mtupu. Mimi na haraka zangu nikautupa bila kuuchekecha. Msimamizi wetu, mzee Okelo, akaniuliza kwa nini. Nikamjibu hapo hakuna kitu.

"Hiyo hakuna kitu ndiyo ya maana," akasema. "Ingia shimoni nikuonyeshe."

Akanielekeza kwenye ukuta wa shimo. Chini kabisa maganda ya kome yalikuwa makubwa kama kiganja changu. Hapo mvua ilikuwa nzuri, akasema. Kisha mvua ikakataa miaka mingi, ziwa likarudi nyuma, wanyama wakahama, na watu wakabaki kutegemea kome. Kadiri kidole chake kilivyopanda, maganda yalizidi kupungua, mpaka yakawa kama ukucha.

"Walikula hata watoto wa kome," akasema. "Halafu ni huo udongo ulioutupa."

Nilimuuliza kama walihama au walikufa. Akasema udongo haujamwambia, akanituma nikauchekeche wote. Nilichekecha mpaka saa sita, naomba Mungu nione hata ganda moja. Sikuona. Hapo ndipo nilipouogopa udongo, na sioni haya kukwambia.

Sasa mvua zetu zimeharibika tena. Juzi sokoni Rodi Kopany niliona samaki aina ya ngege wa urefu wa kidole wamepangwa mafungu, na hakuna aliyeshangaa. Jana nikaona neti mpya umeianika nyuma ya nyumba. Nilijaribu kupitisha kidole changu cha mwisho kwenye tundu lake, kikakwama.

Sikulaumu. Una watoto wa kulisha, na wale wa kale pia walikuwa nao. Lakini ichome hiyo neti. Mihogo iliyo shambani kwangu ichukue yote, uwalishe wajukuu wangu huku samaki wakiachwa wakue. Mwaka mbaya ndio wa kuwaacha samaki wadogo, mwanangu.

Mungu akuongezee siku. Na atakayekuja kuchimba hapa kwetu, akute mifupa ya ngege wakubwa mpaka tabaka la juu kabisa.