Kopo la Maua juu ya Uso wa Jeanine

Tarehe 3 Februari 2014 Emerance Okito alianza kazi ya kutunza chumba cha makumbusho cha parokia moja mjini Kindu, na tangu hapo ufunguo wake haujawahi kulala kwa mtu mwingine. Kwa hiyo ilipoletwa ile meza ya kioo kutoka Kinshasa, ni yeye aliyeifungulia mlango, na ni yeye aliyekuwa wa kwanza kuichukia.

Meza hiyo huitikia vidole vya watu wengi kwa pamoja. Huyu anagusa treni ya zamani, yule ngoma, mwingine picha ya uso, na uso unaanza kusimulia. Kwenye pembe ya miaka ya vita ziliwekwa nyuso mbili: wa Emerance, na wa wifi yake Jeanine. Fundi Florentin alisema mapema kwamba nafasi ni ya mmoja. Uso utakaoguswa zaidi hadi Jumamosi ndio utakaobaki.

Habari ni ile ile. Mwaka 2002, mji umezingirwa na chumvi imekwisha, Emerance alivuka mto kwa mtumbwi hadi Alunguli, risasi zikilia kila upande, akarudi na chumvi ndani ya kilemba. Jeanine alibaki nyumbani na watoto. Hasemi uongo, anamtaja Emerance kwa jina. Kosa lake ni kwamba anajua kusimulia. Sauti inashuka panapotakiwa, na wanawake wanajifuta macho. Emerance yeye anasema alienda, akapata, akarudi. Watu wanamgusa mara moja, kisha wanahamia kwenye treni.

"Mto nilivuka mimi," alimwambia Florentin. "Machozi anavuna yeye."

"Lakini mama, ulisema kama unajibu polisi."

Ijumaa Emerance alileta kitambaa chake cha kufuma, akakitandika juu ya uso wa Jeanine, na juu yake akasimamisha kopo la maua ya plastiki. Hakuna nyumba ya heshima Kindu inayoacha meza uchi, nani angemlaumu?

Kamera zilizo chini ya kioo zililiona kopo kuwa kidole kisichoinuka. Jeanine akasimulia, akamaliza, akaanza tena. Chumba kikajaa. Emerance, aliyebanwa katikati ya watu, akalazimika kumsikiliza hadi mwisho kwa mara ya kwanza.

"Aliporudi na chumvi," sauti ilisema, "watoto wangu walinikimbia, wakamwita yeye mama. Niliilamba ile chumvi huku namwonea wivu. Mpaka leo."

Jeanine mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Wifi, maua mazuri. Ndiyo kaburi yangu hii?"

"Nilikukinga na vumbi."

"Asante. Umeona nilivyoongea."

Watu wakacheka. Florentin akaliondoa kopo, sauti ikakatika.

"Mutoe uso wangu," Jeanine akamwambia. "Mubakize wake."

Hilo ndilo lililomchoma Emerance zaidi. Hata wivu, mwenzake alikuwa ametangulia kuusema, na kuusema vizuri.

"Huruma yako siitaki," akajibu. "Nitasema yangu upya."

Florentin ameongeza siku hadi Jumatano. Jumatatu saa tatu Emerance atarekodi tena, na Jeanine amekatazwa kuingia.